Viatu vya Cyrus

Lavinia, niko chooni hapa maktaba.

Leo kwenye darasa letu la watu wazima hapa tulisoma ile riwaya ya wachunga ng'ombe wa Texas, miaka ile baada ya vita vya Kaskazini na Kusini. Zamu yangu ikafika, nikasoma kwa sauti pale wanapomnyonga mtu mweusi aliyetoka utumwani, eti kaiba ng'ombe.

Nilipomaliza, Mzee Stroud akacheka. Yule mwenye ranchi, ninayekaa naye dawati moja, anayenirudisha nyumbani kila Jumanne.

"Mbona hayo yalitokea kwetu! Baba wa babu yangu alimnyonga mmoja pale langoni. Jamaa akaomba avuliwe viatu kwanza, mwanawe apate kuvivaa. Mzee akavichukua yeye!"

Akavichukua yeye, Lavinia. Na akacheka.

Unakijua kisa hicho. Bibi alitusimulia mimi na wewe jikoni kwake. Babu yake, Cyrus, aliponyongwa langoni aliomba viatu vyake apewe mwanawe, na mtoto akakua miguu peku. Hatukuwahi kujua ni lango la nani.

Nikamwomba Mungu auzuie ulimi wangu. Stroud akanitazama.

"Bi Verlene, hadithi imekutisha? Viatu bado tunavyo, vinaning'inia sebuleni. Njoo Jumapili nikuonyeshe."

Nikasema nitakuja.

Sasa anapiga honi nje, ananingoja. Siwezi kupanda gari lile. Njoo unichukue.

Na Jumapili tukitoka ibadani, twende wote. Lete mfuko. Sitoki nyumba ile bila viatu vile.