Kitambi cha Ukuta

Kijiji cha Vaipuna,
Visiwa vya Cook.
Ijumaa, tarehe 18 Oktoba.

Mpendwa kaka Ngametua,

Hujambo huko Auckland na baridi yenu? Mgongo umepona? Watoto je, na wifi yangu anayenidai kila siku nimfundishe kupika majani ya majimbi? Sisi huku wazima, ila mimi mikono bado inatetemeka, ndiyo maana unaona mwandiko unapanda na kushuka. Usicheke. Ukifika mwisho utatetemeka na wewe.

Kwanza asante kwa kifurushi. Ile bikari ya chuma ilifika salama ndani ya soksi zako. Soksi amezichukua Mjomba Tuakana, amesema ni za kwake kwa haki ya uzee.

Kazi niliyopewa unaijua. Ubavu mpya wa mimbari, ule unaokutana na ukuta wa kanisa, niuchonge kwa mti wa tamanu aliopanda mama, uwe kumbukumbu yake. Kaka, ule mti mchwa walishaula ndani. Ubao mpana uliotoka mzima ni mmoja tu. Nikiukosea, ndiyo basi, mama hana kumbukumbu. Na ukuta wetu si unaujua, matumbawe na chokaa, haujanyooka popote, na hapo penye mimbari una kitambi kama cha mjomba mwenyewe.

Basi tukabishana siku nzima tulihamishe umbo la kitambi kwenye ubao kwa kutumia nini, ili niukate uulalie ukuta. Mjomba yeye ni kibao na penseli: unasukuma kibao ukutani, penseli inafuata kwa nyuma, mchoro unaangukia kwenye ubao. Nikamwambia ubao wa tamanu ni mweusi, penseli yako siioni, na unene wa mstari wako peke yake panya anapita. Nikajaribu bikari ya shule ya mtoto wa jirani, nayo kila ikigusa jiwe inatanuka miguu yenyewe, nusu ya mchoro ni ukuta, nusu ni uongo. Yako ina skrubu ya kukaza. Ukishaikaza haisogei hata ukiipiga teke. Mjomba akaitazama kwa dharau.

"Hiyo ni ya kung'olea meno. Babu yako kajenga nyumba ngapi kwa penseli?"

"Na ngapi zinavuja, mjomba?"

Alininunia mpaka chai.

Nikaiburuta polepole, mguu mmoja ukutani, ncha nyingine kwenye ubao, bila kuilaza hata kidogo. Ncha ikakata nyuzi za mti, nikausugua mkwaruzo kwa unga wa chokaa, ukang'aa mweupe juu ya weusi. Nikakata, nikamalizia kwa patasi na tupa. Jumamosi tukausimamisha ubao. Kaka, uliingia kwenye kile kitambi kama umezaliwa hapo! Mjomba alichukua ukurasa wa gazeti akajaribu kuupenyeza kati ya ubao na ukuta, akashindwa. Badala ya kunisifu, akaniuliza bikari kama hiyo inapatikana wapi.

Tukautoa ubao, tukauweka kando, kwa sababu wiki hii akina mama wanapaka chokaa kwa ajili ya sikukuu ya Injili. Kila familia kipande chake cha ukuta, kama zamani. Kipande cha pale kwenye mimbari ni chetu, alikuwa akikipaka mama. Mimi niko na randa mkononi, kwa hiyo Mama Akaiti, yule kiongozi wao, alisema wasinisumbue, watakifanya wao wote pamoja kwa heshima ya marehemu. Nililia kwa furaha. Mjinga mimi!

Jumatatu jioni, nikijua kipande chetu kimeshapakwa, naingia kanisani na ubao wangu. Yesu wangu! Kitambi hakipo. Ukuta umenyooka, chini kuna rundo la maganda meupe, na akina mama wamekaa juu ya viti wanakula nazi, wamechoka, wananitabasamia. Nikauegemeza ubao, mkono wangu ukapita kati yake na ukuta mpaka kwenye kiwiko. Mjomba, anayeongea tangu jogoo wa kwanza, alikaa kwenye benchi, akavua kofia akajifutia machozi.

"Mmefanya nini?" nikapiga kelele, tena ndani ya kanisa. "Jiwe limekwenda wapi?"

"Jiwe gani, mwanangu?" akasema Mama Akaiti. "Kwani ulidhani lile ni jiwe?"

"Si lilikuwepo tangu nazaliwa!"

"Ilikuwa chokaa tupu. Mama yako alikuwa hamwagi kitu. Sisi tukimaliza kupaka, chokaa inayobaki kwenye ndoo zetu anaikusanya yote anaimalizia kwake. Kila mwaka, maisha yake yote. Tukasema mwaka huu tumpe ukuta safi, tuanze upya."

Kaka, tulikua tunaegemea kile kitambi kila Jumapili! Na hawa kwa mapenzi yao wamembandua mama yetu kabisa, wamemweka sakafuni. Nikakaa kwenye yale maganda nikalia kama siku ya mazishi. Hukuwepo siku ile, sikulaumu, lakini Jumatatu hii ndipo nilipotamani uwepo.

Mama Akaiti aliponiona hivyo naye akashtuka, akaweka nazi chini. Akaja akapitisha kiganja kwenye ukingo wa ubao wangu, pale nilipoukata kwa umbo la kitambi, akarudia, taratibu, juu mpaka chini.

"Tuakana," akamwita mjomba, "acha kulia, shika huu ubao usisogee. Wanawake, leteni ndoo."

Tuliufunga ubao kwa kamba usimame pale pale, nao wakarudisha chokaa, wakiifuata shepu ya ubao, tabaka juu ya tabaka, kila mmoja kwa ndoo yake, na mabaki ya kila ndoo yakaenda palepale. Mpaka jana wamefanya hivyo.

Leo asubuhi imekauka. Niliufungua ubao, nikachukua bikari yako, nikaiburuta tena ukutani kutoka juu, ncha ya pili ikipita kwenye kile kipande nilichokikata kutoka kwenye ubao, nilichokirudisha pale kilipokuwa siku ya kuchora, na ambacho bado kina ule mkwaruzo mweupe ukingoni. Mjomba aliniinamia begani, ana pumzi kama ng'ombe. Kaka, ncha haikutoka nje ya mstari hata mara moja; kitambi ni kilekile.

Wasalimie wifi, watoto, na shangazi Metuakore ukimwona. Mjomba anakusalimu, anasema na yeye umtumie ya kung'olea meno. Mungu akufunike huko uliko, na akurudishe uje uegemee.

Ni mimi dada yako mdogo, nikupendaye hata ukinyamaza,
Tereapii