Nasaba ya Mchunga Kondoo

Mabela, Maskati
12 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Nadra,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, na yale magoti? Na baridi ya huko Wales, inakuachia japo kidogo? Yusuf mumeo mzima? Na binti yako Aya, bado analia? Sisi huku wazima, alhamdulillah, mimi sukari tu hiyo inanipanda na kunishuka. Nnakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu hupokei. Hapana neno. Mama mdogo ni mama, hasusi.

Nnajua unataka kujua kilichovunja posa ya Aya. Masouda, mamake Shihab mchumba wake, amekwambia haikuandikwa, basi. Mimi nilikuwapo kwake Bawshar siku ile, kwa hivyo nitakueleza.

Uliulizwa swali dogo: huyo Yusuf ni wa nani? Hapa nani asiyeulizwa? Mwenzako angelijibu kuwa mume wangu Mzungu aliyesilimu, nasaba yake Uislamu wake, kwisha maneno. Lakini wewe na kiburi chako! Ukaleta karatasi ya sensa ya 1881, zama za Malkia Viktoria, ionekane kuwa na Yusuf naye ana mababu. Nyumba ya mlimani, mwenye nyumba mfugaji wa kondoo, mkewe, watoto wao. Na chini kabisa kijana wa miaka kumi na minne, mchunga kondoo, ameandikwa mtumishi. Ndiye babu wa babu yake Yusuf, na wewe ukampigia mstari kwa kalamu nyekundu! Ewe mtoto, nani alikuroga?

Mfasiri wa mtaa wa Ruwi akaligeuza neno hilo la mtumishi kwa Kiarabu: khadim.

Huko ni kazi. Huku umesahau ni nini? Ni mtumwa, na mwana wa mtumwa, na mjukuu wake hata akiwa daktari. Masouda alisoma mpaka hapo, akaweka finjani chini, akaifunika sahani ya halwa. Mimi nilikuwa hata sijaonja.

Kisha akanigeukia, maana nilisomea unesi huko huko kwenu, akaniuliza kama neno limefasiriwa sawa. Nnajua vizuri sana, Nadra, kuwa kijana yule alikuwa mtu huru, akichunga kwa mshahara. Wewe mwenyewe umenihadithia mara ngapi alivyokuja kumuoa binti wa mwenye kondoo! Nikamwambia Masouda limefasiriwa sawa.

Shihab alilia. Mwanamume na ndevu zake! Alisema anamtaka Aya, awe wa nani awe. Mamake akamwambia achague, Aya au radhi ya mama. Alichagua radhi, kama alivyolelewa.

Usinikasirikie. Nilipokuposea mwanangu Marwan, ulisema mbele ya watu kuwa wewe huolewi na nasaba, utaolewa na mtu. Marwan alijifungia chumbani, hali, hanywi, na mimi nimekaa mlangoni na sahani ya wali. Unakumbuka? Mimi nnakumbuka. Mkataa pema, pabaya panamwita.

Haya, sasa khabari ya furaha. Masouda amemposa Bashayer, binti wa Marwan, awe mke wa Shihab. Ukumbi wa Aya ulikwishakodiwa, basi hatukuona haja ya kubadilisha tarehe. Na ile nguo ya kijani ya hina uliyomshonea Aya, ukaniwekesha kabatini, Bashayer ameijaribu. Imembana kidogo kifuani, fundi ataiachia.

Marwan anakusalimu, na Bashayer anasema shukran kwa nguo. Nisalimie Yusuf. Mbusu Aya kwenye paji la uso, mwambie bibi yake anamwombea kila sala: Mungu amjaalie mume wa kufu yake.

Wako akupendaye,
Mama mdogo wako, Kheiria