Jani Alilikata Mama, Nikamfukuza Wifi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla akili haijaniruka, maana hata pa kuanzia sipaoni. Mimi ni nesi, nimeolewa, na ugonjwa wangu ni mimea adimu ya majani, ile ya misitu ya joto, maua yake si kitu lakini majani yanamsimamisha mtu mlangoni, mtaani wananiita Mama Majani. Ninao mmoja wenye majani meusi laini kama mahameli, miezi minane nimeunyunyizia maji asubuhi na jioni nikingoja jani lenye mabaka meupe, likaja, pana kama sinia, nikaringa nalo kazini hadi wenzangu wakanichoka. Mwezi uliopita narudi kutoka zamu nakuta limekatwa pamoja na pingili yake! Nikamgeukia wifi yangu, mdogo wa mume wangu, tunaishi naye, kwa sababu aliwahi kusema nyumba imegeuka pori.

"Wifi, sijaligusa," akasema.

Nikamwita mwizi mbele ya kaka yake, akafunga begi akahamia kwa rafiki yake, mume wangu sasa ananipa salamu tu, na mimi hata wiki haijaisha nikapeleka vyungu vya mimea chumbani kwa wifi kwa kuwa dirisha lake lina mwanga mzuri. Jumapili naingia jikoni kwa mama yangu mzazi, jani langu hilo hapo ndani ya glasi ya maji, limeshatoa mizizi!

"Nilipita uko kazini, mlango wazi, nikajikatia," mama akacheka. "Kwani kwa mwanangu nako nipige hodi?"

Nilipomweleza yaliyotokea akanishika mkono: "Usiseme, mwanangu. Mkwe wangu ataniona mwizi."

Nikisema namwaibisha mama, nikinyamaza wifi anabaki mwizi, na jani sijui nilidai au niliache. Nifanyeje?

Mama Majani

JIBU

Pole, dada. Miezi minane si mchezo, na uchungu wako naujua. Lakini hasira hasara, na hasara hii umembebesha asiyehusika. Tena hilo la dirisha umelipitia haraka: mtu hajamaliza wiki nje, chumba chake umekwisha kukijaza vyungu! Vitoe leo.

Mama yako alikata jani bila ubaya. Ubaya ni kukuomba unyamaze huku mtoto wa watu anaitwa mwizi. Mpigie, umwambie kwa adabu, "Mama, nitamweleza mume wangu kesho, ukitaka kusema mwenyewe, nakupa nafasi." Hutakuwa umemwaibisha. Mkwe wake atacheka kabla ya mama mwenyewe.

Jani liache huko huko, usilidai.

Kisha nenda kwa wifi yako. Usitume ujumbe wala usimtume kaka yake. Ulimtukana mbele ya mtu, basi nenda na mumeo, useme mbele yake: "Nilikusingizia. Nisamehe." Usianze kueleza habari za mabaka. Huenda akakataa kurudi, na hiyo ni haki yake. Wewe na mumeo, baada ya siku mbili, mwende tena.