Senene Ndani ya Feni Uliyoichagua

Kagoma Senta,
Muleba, Kagera.
Jumatano, 4 Desemba 2024

Mpendwa kaka Privatus,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ya mama yako. Ma Ephrasia, Mungu amlaze pema, ndiye aliyenifundisha kwamba hata mtu unayekwenda kumgombeza, unamsalimu kwanza. Basi, habari za Uswidi? Baridi inasemaje? Wifi Annastella na watoto hawajambo? Kazi inakwenda?

Sisi huku wazima. Mvua inanyesha vizuri, maharage yamekubali, na migomba iliyoangushwa na upepo ule wa Septemba imeshatoa machipukizi. Baba yetu mdogo, Ta Lwakatare, mguu unamsumbua lakini sauti bado anayo, na ndiyo sauti iliyoniletea ujumbe wako.

Salamu zimeisha. Sasa tugombane.

Jumapili iliyopita, tulipotoka misa, Ta Lwakatare aliniita pembeni ya uwanja wa kanisa. Akaniambia umempigia simu. Eti kompyuta ichukuliwe kwangu, apewe mdogo wako Karugendo, na hilo litamalizwa Jumapili ya tatu ya Majilio ukoo utakapokaa nyumbani kwake mzee mwenyewe. Eti mimi, Renatha, nimeiunguza kwa uzembe. Mzee wa watu alikuwa anaangalia chini wakati anasema, maana ananijua.

Na kwenye grupu la ukoo ukaandika kwamba nilikuwa nahifadhi senene ndani ya kompyuta, na kwamba nikiachiwa nitawakaangia humo humo. Watu wakacheka, hata waliokula chakula changu. Kabla sijajibu neno, ukanitoa kwenye grupu. Ndiyo maana unasoma karatasi. Clavery, anayetubebea mizigo yako kila mwaka, anarudi huko Jumamosi, likizo yake imekwisha, na amekubali kukubebea barua hii pamoja na kifurushi. Usikifungue kwanza. Soma.

Nikukumbushe kompyuta ile ni ya nani. Siku tuliyomaliza msiba wa mama yako, wewe hukuwepo, ulikuwa kwenye simu. Ta Lwakatare aliiweka simu kwenye spika watu wote wasikie. Ulisema kwa mdomo wako, "Renatha amemuuguza mama yangu mpaka mwisho. Namtumia kompyuta ya mezani ya kuhariria video, iwe yake." Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga magoti nikashukuru, mbele ya simu! Wewe ni mtu wa hapa, Privatus. Unajua kwamba kitu kilichotolewa mbele ya ukoo hakirudi. Hata mbuzi aliyetolewa hivyo akifa kesho yake, amekufa wa yule aliyepewa.

Haya, tuje kwenye feni.

Kompyuta ilifika salama isipokuwa kipoozeo chake kilivunjika njiani. Namwandikia na wifi, maana najua atasoma: kipoozeo ni lile dude la vyuma vyembamba lenye feni, linakaa juu ya prosesa kuiondolea joto. Bila hilo kompyuta inawaka kidogo na kuzima. Nilikwenda Bukoba kwa fundi Nuriat. Tukaifungua, tukapima kwa rula nafasi iliyopo kutoka kwenye bodi mpaka mfuniko wa ubavuni, tukachagua kipoozeo kifupi, cheusi, hakina taa hata moja. Feni yake haipigi kelele, na mimi duka langu la video ni chumba kimoja, sauti narekodi humo humo. Ikifa, ya kubadilisha ipo palepale mjini. Nikakutumia picha yake kwa heshima, kwa sababu mtoa zawadi anaulizwa.

Ukacheka. Ukaniandikia, "Hicho ni cha makarani. Mimi sitoi zawadi ya kimaskini." Alipokuja Clavery mwezi wa kumi ukamtwisha dude lako. Lo! Mnara mzima, feni mbili, taa za rangi zinazozunguka, nyekundu, bluu, zambarau. Nikakwambia ni refu, limezidi kesi, yaani sanduku la mashine, kwa kidole kizima, mfuniko haufungi. Ukasema tuache ubavu wazi, hewa itapita vizuri zaidi na taa zionekane. Nikakuuliza taa zinazimwaje. Ukajibu kwamba kama ni kuzizima kulikuwa na haja gani ya kuzinunua. Kisha ukadai picha. Nikaipiga, ukaibandika kwenye grupu na maneno, "Studio yetu ya Kagoma." Yetu! Wewe ulifagia lini hapa?

Sikatai, zilipendeza. Maharusi walikuwa wanasogea wapigwe picha nazo. Lakini mimi niliomba kitu cha kupoza, sikuomba mti wa Krismasi.

Sasa nikupe kisa chenyewe, maana umekisimulia bila kuwepo. Wewe ndiye uliyekuwa unataka video ya kumaliza msiba wa mama yako kabla ya Noeli. Kila siku ujumbe: "Bado?" Video ndefu kama ile unaiacha mashine ikiisaga usiku kucha, iunganishe vipande viwe faili moja. Nikaiacha. Kila mtoto wa Kagera anajua kwamba senene ni panzi wa kufuata mwanga, msimu wao huachi taa ikiwaka na dirisha wazi. Nikazima balbu ya dukani, nikazima ya barazani, nikazima na skrini. Dirisha nikaliacha wazi, lina nondo tu, chumba kipate hewa. Taa za feni yako sikuzihesabu kuwa taa. Nani anahesabu feni kuwa taa?

Tena jirani yangu Rutashobya anategea senene hapo nyuma ya duka, wafuate taa, wagonge bati, wateleze kwenye mapipa. Mataa yake makubwa na mabati yake yanamulika mpaka barabara kuu. Kwa mataa yale, ni senene gani angehangaika na chumba changu? Nikaenda zangu kulala na amani.

Umeme ukakatika. Kagoma yote. Mataa ya Rutashobya yakazima, na yeye jenereta lake bovu tangu Pasaka. Mashine yangu inakula betri ya sola. Mawe, mama yangu! Kijiji kizima kikabaki na taa moja, na taa hiyo ni ile uliyoichagua wewe.

Asubuhi nafungua mlango, nakanyaga senene. Wako sakafuni, wako ukutani, wako juu ya kamera. Ndani ya kesi ndiyo usiseme. Walipita pale ubavuni ulipotaka pawe wazi, wakajipeleka kwenye taa, wakabanana katikati ya vile vyuma vyembamba mpaka feni zote mbili zikakwama. Rutashobya akaja na ndoo, anadai hao ni senene wake, walikuwa njiani kwenda kwenye mabati yake. Nikamwambia achote wote wa sakafuni, asiguse mashine. Karugendo naye akaja. Hakushika ufagio. Alitoa simu akapiga picha, akakutumia, akaondoka. Hiyo ndiyo habari uliyoipata, Privatus, ya mtu anayetaka kompyuta yangu aweke kibanda cha magemu ya mpira.

Sasa sikia ambacho Karugendo hakukuambia kwa sababu hakuuliza. Mashine ilizima yenyewe. Prosesa ikizidiwa na joto inajizima, imetengenezwa hivyo ili isife. Imezima, haikuungua! Nimeipeleka kwa Nuriat, tumesafisha bodi kwa brashi na spiriti mpaka mafuta ya senene yakaisha, tumelitoa dude lako, tumefunga kile kifupi cha makarani. Mfuniko umefunga. Nimeweka na wavu dirishani. Jana imesaga harusi ya Buganguzi kuanzia kanisani mpaka mwisho wa dansi, na ukiweka mkono juu ya kesi ni uvuguvugu tu. Mafaili yote yapo.

Kwa hiyo hakuna kilichoungua isipokuwa jina langu, na jina hilo umeliunguza wewe.

Nina hasira, kaka, na sitaki kuificha. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema, lakini yako imefika mpaka Kagoma kunipiga mimi. Mama yako alipokuwa anataka kugeuzwa kitandani, mkono wako ulikuwa mbali. Alipokuwa anakataa uji mpaka nimwimbie, ulikuwa mbali, una zamu, una mtihani, una barafu barabarani. Sikukulaumu hata siku moja, na yeye alikutetea mpaka pumzi ya mwisho. Lakini kuchagua feni, umbali haukukusumbua. Kuninyang'anya, umbali haukusumbui. Kweli asante ya punda ni mateke.

Na nikuambie kitu ambacho ninyi wanaume wa ukoo huu mnakijua na hamkisemi. Baba yangu, ndugu wa baba yako, alipokufa, kibanja chake, shamba lote, mligawana ninyi. Mimi ni mtoto wa kike, nilipewa pole. Sikwenda kwa mwenyekiti, sikwenda baraza la kata, nilinyamaza nikapanga chumba hapa senta na wanangu. Hii kompyuta ndiyo kibanja changu. Ndiyo migomba yangu, ndiyo kahawa yangu. Ukiichukua, wanangu wanakosa ada na kurudishwa nyumbani, na mimi narudi kulima vibarua kwenye shamba alilolipanda baba yangu mwenyewe. Sasa umejua unachokigusa.

Ninachotaka si kingi. Kabla ya Jumapili ile ya tatu ya Majilio, mpigie Ta Lwakatare. Mwambie aweke spika, kama siku ile, na watu wawepo, kama siku ile. Useme kwamba dude ulichagua wewe, kwamba ubavu ulisema wewe uachwe wazi, na kwamba kompyuta ni ya Renatha. Kisha unirudishe kwenye grupu, niwajibu waliocheka. Karugendo akitaka magemu, wewe ni kaka yake, mtafutie mengine.

Usipopiga, mimi sitakwenda kwenye kikao kubishana na wazee. Nitakuwa dukani. Nitakaa kwenye kiti changu mlangoni, na anayetaka kuibeba kompyuta aje anipite mimi. Ta Lwakatare nimeshamwambia hivyo, tena kwa magoti na kwa heshima zote. Aliitikia "waitu", lile neno letu la upole, akaenda zake.

Nisalimie wifi Annastella, mwambie lile blanketi alilomtumia mama ndilo tulilomfunika siku za mwisho. Nisalimie na mwanao Damian, mwambie shangazi yake anamkumbuka, na akifunga shule aje ale matoke, asikae huko akasahau lugha. Rutashobya hakusalimu, bado anakudai senene wake. Wanangu wanakusalimu kwa sababu sijawaambia.

Sasa fungua kifurushi.

Kwenye bahasha ndogo kuna flash. Ni video ya mama yako, imekamilika. Ningeweza kukunyima, na hasira ilinituma hivyo, ila marehemu hajanikosea. Mwishoni nimeunganisha kipande ambacho hujawahi kukiona, nilikipiga mwaka jana msimu kama huu, wakati bado anaweza kukaa. Yuko kwenye mkeka, ungo uko mapajani, ananyonyoa senene mabawa. Vidole vinatetemeka, namwambia aniachie mimi, hataki. Anauliza kama Clavery ameshaondoka. Halafu ananigeukia mimi na kamera anasema, "Wa Privatus wekeni pembeni, wasije wakaliwa."

Nimewaweka, kaka. Chini ya flash, ndani ya gazeti, kuna kipoozeo chako kama kilivyong'olewa. Sikukipangusa. Senene wako wote wamo humo.

Mungu akulinde huko uliko, akupe mkono wa kuinua simu.

Wako aliyemfumba mama yako macho,

Renatha