Gololi ya Gurudumu la Kushoto

Lipangalala, Ifakara

Kwa baba yangu,

Shikamoo baba. Shikamoo tena. Ya kwanza ni ya leo. Ya pili ni ya asubuhi ile niliyoondoka nyumbani, ulipokuwa umekaa mlangoni na fimbo yako, nikapita na begi langu kana kwamba pale hapakuwa na mtu. Najua uliniona.

Mguu unaendeleaje na baridi ya huko? Mama aliniambia kwamba mvua ya Njombe haijakata na viazi vya bondeni vimeanza kuoza. Poleni. Mimi ni mzima. Joto la huku nimelizoea, mbu bado. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya nyumbani mkiipokea mnaiweka spika, na ninayotaka kusema ni ya kwako kwanza. Barua nampa dereva wa lori la mchele anayepita Makambako.

Hapa gereji kwa baba mdogo kazi naiweza kidogo kidogo. Nafungua tairi, nabadilisha oili, naosha vyuma kwa dizeli. Mafundi wananiita Sista kwa sababu siongei. Chande, yule fundi mrefu, kila akipita huniomba nimwombee apate mke. Mimi huinamisha kichwa tu.

Wiki tatu zilizopita trekta lilivuta gari kwa mnyororo mpaka gereji. Pikapu ya zamani, ya kuvuta magurudumu yote manne, imepakwa rangi nyeupe haraka haraka. Nilipofungua mlango, ndani ilikuwa ya bluu. Kwenye kiti kulikuwa na kile kitambaa cha maua alichokishona mama kwa cherehani ya bibi. Ilikuwa pikapu yako, baba. Nilidhani nitalia. Nilienda kuchukua jeki.

Tajiri uliyekuwa ukimwendeshea ameiuza kwa mzee mmoja mkulima wa mpunga wa Michenga. Tangu ajali yako ilikuwa imekaa kwenye majani nyuma ya mashine ya kukoboa, miaka miwili, hakuna aliyeigusa mpaka ilipopakwa rangi ya kuuzia. Mzee alitaka jambo moja kubwa: breki za nyuma ziwe za diski kama za mbele. Wewe unalijua tope la Michenga, linavyoingia ndani ya ngoma za breki na kukaa humo kama uji chunguni, ukikanyaga hupati kitu. Diski iko wazi, tope linapita na kuondoka. Baba mdogo alipata diski na kalipa zake za kuzibana kutoka kwenye gari lililokatwa, akasema itawezekana.

Alinipa gurudumu la kulia nijifunzie. La kushoto akasema nisiliguse, atalifanya mwenyewe. Nikaona ni sawa, mimi bado mwanafunzi.

Ngoma ya kulia iligoma kutoka siku nzima. Niliimwagia dizeli, nikagonga kwa nyundo kuizunguka, mpaka ikaachia na vumbi jekundu. Viatu vya breki vilikuwa vimeisha, vimebaki chuma. Chuma cha kushikia kalipa kilichomelewa hapa hapa, lakini matundu yalipishana na ya ekseli kwa upana wa kucha, nikakaa nayo siku mbili nikiyapanua kwa tupa. Nakueleza yote haya kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayawaza. Sikuwa nawaza kitu kingine. Nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi, anaona ni wake lakini akiugusa hausemi kitu.

Ijumaa baba mdogo alikwenda Kiberege kufuata bolti. Mzee alikuwa amesema atapita jioni kuona gari lake limefikia wapi. Nikafikiri nikimaliza na la kushoto, baba mdogo akirudi atafurahi. Nikafunga diski, nikafunga kalipa, nikaunga paipu. Kisha nikamwomba Chande akanyage pedeli ili tutoe upepo. Kulia mafuta ya breki yalikuja vizuri kwenye chupa. Kushoto hayakuja. Akakanyaga tena na tena, chupa ikabaki kavu.

“Sista,” akasema, “umesahau kusali.”

Nikaifungua paipu ya kushoto pale inapoungana na ya katikati, nikachokonoa kwa spoku ya baiskeli. Ikadondoka gololi kiganjani kwangu. Ndogo kuliko punje ya hindi, inang’aa, haina hata kutu.

Chande akashuka kuiangalia. Hakucheka. Akanieleza kwamba silinda ya gurudumu ikivuja na spea hakuna, fundi huziba paipu ya upande ule kwa gololi, gari likaenda na breki tatu mpaka spea ije. Kila gereji inafanya hivyo, alisema, hata yeye ameshafanya. Kisha akaitwa kwenye bodaboda ya mtu.

Nilikaa chini na ile gololi. Nikauwaza mteremko wa Mahenge, na pikapu imejaa maharage na watu, na breki tatu zikifanya kazi ya nne mpaka zikachemka. Baba, huku wanasema ulikimbiza. Wengine wanasema pombe. Mama Faraja, yule uliyempakia siku ile pamoja na magunia yake, sasa anatembea kwa mkongojo. Anauza vitumbua ng’ambo ya gereji, na anawauzia wote isipokuwa mimi na baba mdogo. Nikitaka namtuma Chande. Na wewe mwenyewe uliwaambia polisi kwamba ulikimbiza. Uliwaambia mbele ya mama, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Ndiyo maana nilipita mlangoni bila kukuamkia. Kwa miaka miwili nilikuwa naona haya kuwa mtoto wako.

Baba mdogo aliporudi nilikuwa nimeiweka gololi juu ya kopo la mafuta ya breki. Aliiona kabla hajaniona mimi. Akakaa juu ya tairi, mfuko wa bolti bado mkononi.

“Niliziba mimi,” akasema. “Asubuhi ile ile. Nilimwambia baba yako. Akasema ziba, spea ikija tutafungua.”

Nikamuuliza kwa nini basi ulisema ulikimbiza.

“Alisema mguu wake umeshaharibika, gereji isiharibike pia. Alisema nina watoto wadogo.” Akaangalia chini. “Nikakubali, Skola. Nilikubali haraka sana.”

Nilinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikakunjamana, na hapo pia sikulia. Nakuambia ukweli kwa sababu labda utafikiri nililia.

Mzee wa Michenga alifika jioni. Kumbe zile kalipa hazina mahali pa hendibreki, na hendibreki ya zamani ilikuwa ndani ya ngoma tulizozitoa. Mzee akasema si kitu, atabeba gogo la kuweka nyuma ya tairi, watu wote wanafanya hivyo. Baba mdogo akasema, “Hapana, mzee. Gari hili halitoki hapa na gogo.” Mzee alikasirika, akaondoka akisema atatafuta fundi asiye na maneno mengi. Siku nne baadaye alirudi, akatukuta tumepata kalipa nyingine zenye waya wa hendibreki, na baba mdogo hakumdai nyongeza.

Jana tulikwenda kulijaribu, njia ya Michenga. Baba mdogo aliniketisha mbele, juu ya maua ya mama. Aliliingiza kwenye dimbwi mpaka maji yakafika kwenye ekseli, akatoka, akashika mwendo, akakanyaga. Likasimama palepale limenyooka. Halikuvuta upande wowote. Akazima injini, tukakaa. Matope yalikuwa yanadondoka chini ya gari, nikawa nayasikiliza.

Ndipo aliponiambia anataka kwenda kwa Mama Faraja kusema, na kwa wengine, lakini alikuahidi kunyamaza, na ahadi aliyompa kaka yake hawezi kuivunja bila wewe. Alisema wewe ndiye uliyemfunga mdomo, wewe ndiye utakayemfungua. Mimi pia sijamwambia mtu. Chande ameiona gololi, lakini amekuja gereji mwaka huu, hajui gari lilikuwa la nani.

Baba, mfungue. Yeye mwenyewe ndiye anayeomba, ila anaogopa kukuandikia. Gereji kama itapungua wateja itapungua, nitaosha vyuma bila kulipwa. Najua na wewe ulikubali azibe, hilo nalo utalisema au utaliacha, mimi siwezi kukupangia. Ila sitaki tena mtu aniambie ulikimbiza, na mimi nakaa kimya kwa sababu nilikuwa naamini.

Gololi baba mdogo alitaka kuitupa mtaroni. Nilimwomba, akanipa. Iko mfukoni mwa ovaroli.

Nisalimie bibi, mwambie cherehani yake ilifanya kazi nzuri, kitambaa hakijaachia hata uzi. Msalimie shangazi wa kanisani anayekuletea dawa ya kuchua, na mdogo wangu kitinda mimba, mwambie daftari zangu za hesabu ni zake sasa, asizichore. Mama msalimie sana. Yeye ataniuliza nimekuandikia nini.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo. Ukimaliza kusoma, uitikie zile shikamoo zangu mbili, kwa sauti, hapo hapo ulipokaa. Mama akikuuliza unamwitikia nani, umwambie mwenyewe.

Mtoto wako,
Skola