Pikapu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Gereji, Migori. Lori la miwa, breki. Teksi, klachi. Saa tano ikaingia pikapu ya mama mkwe. Akinyi, mke wangu, ndiye aliyeileta kutoka kwao Rodi Kopany, mwendo wa kinyonga. Ameshuka akinung'unika kwamba mikono imekufa ganzi.

Ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Sasa mama hubebea omena, dagaa wa ziwani, kutoka Homa Bay kwenda sokoni. Wiki jana iliyumba kwenye mteremko, nusura iingie mtaroni. Shemeji Otieno, mwanawe mkubwa, amekata shauri: isipopona kufikia Jumamosi, inakwenda kwa mtu wa vyuma chakavu. Akinyi anasema mama hali chakula vizuri tangu asikie.

Mimi Mkuria wa Ntimaru, wao Wajaluo, lakini jambo moja kwetu ni lile lile: mama mkwe ni wa kukaa naye mbali. Miaka saba sijasema naye ana kwa ana. Kwa hiyo siwezi kumuuliza gari inamsumbuaje. Akinyi kasema mama kasema inatikisika. Haya.

Ilikuwa chafu ajabu. Nikaona haya kushika gari ya mama mkwe ikiwa vile. Nimeiosha mpaka chini ya tumbo, nikajaza grisi kila kiungo cha mbele, ndipo nikaanza kupima. Nimejiona mkwe wa maana.

Jumanne, 10 Juni

Jeki. Nimetikisa magurudumu, tairodi ya kulia, chuma cha kugeuzia gurudumu, ikacheza kidogo. Nimebadilisha zote mbili, nikasawazisha magurudumu. Nimeijaribu mpaka Awendo na kurudi, tupu. Imenyooka. Nimeimba njia nzima, na sauti sina.

Akinyi ameirudisha jioni. Leo nitalala vizuri mno.

Alhamisi, 12 Juni

Imeyumba tena. Mama alikuwa na magunia nyuma, akakosakosa kugonga ng'ombe wa watu.

Sasa Akinyi anasema mama hakusema inatikisika. Alisema inatangatanga. Hayo ni mambo mawili! Ikitikisika natafuta kwenye magurudumu, ikitangatanga natafuta kwenye viungo vya usukani. Nikamwambia aulize inavuta upande gani. Akapiga simu, mama akaeleza kwa Kijaluo dakika kumi nzima, Akinyi akaniletea maneno manne. Nikamfokea. Kosa si lake hata kidogo. Baadaye nimemwomba msamaha akikata sukuma wiki jikoni. Akasema nikate vitunguu, nilie vizuri. Nampenda sana huyu mwanamke.

Otieno amepiga. Kesho kutwa saa nne mtu wa vyuma yuko pale. Namkasirikia, lakini anamhofia mama yake. Hata mimi namhofia.

Ijumaa, 13 Juni

Mgonjwa sharti aonwe akiumwa. Nimekwenda Rodi mwenyewe, na begi la spana. Akinyi hakuweza kuja, ana sare za shule za kushona, lakini alitupangia kwa simu: mama aendeshe, mimi nikae nyuma juu ya magunia ya omena. Nikigonga kioo mara moja, apunguze. Mara mbili, asimame. Heshima ibaki palepale.

Nimemsalimu kutoka langoni, nikiangalia mti wa mpera. Tukaondoka. Watu wa stendi wamecheka wakachoka. Fundi mzima juu ya omena kama paka.

Penye mteremko nikaihisi. Pua inakwenda kushoto, mama anairudisha, inapitiliza kulia. Si kutikisika hata kidogo. Kumbe ndivyo anavyoendesha kila siku, mama wa miaka sitini na tisa. Nikagonga mara mbili.

Akasimama kando. Nikaweka mawe kwenye magurudumu. Sasa kupima kunataka watu wawili, mmoja ageuze usukani, mwingine alale chini ashike viungo. Nami mkwe, nikalale miguuni pake? Nimesimama pale kama mjinga.

Ndipo akasema, akitazama mbele, akizungumza na gari: "Pikapu, mwambie mtoto wa Ntimaru alale chini. Mimi nageuza. Aseme basi akishiba."

Nikalala. Kokoto mgongoni. Akageuza kushoto, kulia, kidogo kidogo, bora kuliko vijana wangu wa gereji. Nikapitisha mkono kiungo kimoja baada ya kingine. Upande wa kushoto kuna mkono mfupi unaoshikilia ufito wa usukani. Bushi yake, pete ya ndani ya kiungo, imeliwa, mkono unapanda na kushuka. Na grisi yangu ya Jumatatu imebanwa nje yote, inaning'inia.

Nikaelewa, nikaona aibu. Ile grisi iliujaza ule uwazi siku mbili, ndiyo maana Jumanne nilipima nikaona kiungo kizima. Na kutu nyekundu ambayo ingenionyesha bushi imekwisha niliiosha kwa mkono wangu.

Nikamwambia tairi amwambie mama. Nikasema yote. Ningeweza kunyamaza. Lakini aliendesha siku mbili akiniamini.

Akacheka. Miaka saba, sijawahi kumsikia akicheka. Hucheka kama Akinyi, kwa kifua chote.

Boda mpaka Homa Bay, nikapata mkono mpya, nikafunga kabla ya saa kumi na mbili.

Jumamosi, 14 Juni

Otieno amefika na mtu wa vyuma. Nimekaa mbali. Otieno mwenyewe ameendesha, na magunia yote nyuma, akashuka mteremko na kupanda. Akarudi, akamlipia yule mtu mafuta ya safari, akamwambia aende. Alinipa mkono, akaushika kitambo.

Mama alikuwa jikoni. Nimerudi Migori na kuku hai aliyenipa kupitia Otieno, kwenye boda.

Jumapili, 15 Juni

Mvua tangu asubuhi. Hakuna gereji. Akinyi amesuka nywele, mimi nimelala kifudifudi kwenye mkeka.

Saa nane simu yake ikalia. Mama. Amefika Homa Bay, ameteremka mteremko mkono mmoja ukiwa dirishani. Akinyi alitaka kumsifia pikapu, mama akamkatiza. Alitaka kujua kama mgongo wa mkwe unauma, maana pale kulikuwa na kokoto.

Nimesema hauumi.

Unauma.