Jaji wa Ghorofa ya Nne na Likizo Moja

Mpendwa kaka,

Juzi kwenye simu uliniuliza kama yule mzee Mmarekani wa ghorofa ya nne bado huja kumtembelea binti yake. Haji tena. Binti alihama mtaa huu wa Al Barsha, na teksi za asubuhi siku hizi nawaitia watu wasiosalimu.

Unakumbuka alivyokuwa akishuka nusu saa kabla ya teksi, akatukuta mlangoni na sare zetu za ubawabu, akaanza kutusimulia maisha yake kwa vipande? Alianza siasa kwa kupigania taa za barabarani mtaani kwao, akaingia bunge la jimbo lake, akaangushwa na muuza magari, ndipo akafanywa jaji. Wewe ukamwambia, "Kwetu ukianguka hivyo unapewa ubalozi." Alicheka kutushinda.

Halafu Desemba ile mama akalazwa, tukaomba likizo wote wawili. Msimamizi akasema, "Ndugu mmoja anaenda, mmoja anabaki. Khalas, basi." Tulibishana siku mbili. Wewe ndiwe uliyetaka tumpelekee mzee kesi.

"Nimestaafu," akasema.

"Hata chifu wetu amestaafu," ukamjibu, "na bado anahukumu."

Akaketi kwenye kiti cha mapokezi, akavua kofia. Akasema angekuwa bado mwanasiasa angetuahidi likizo sote wawili, nasi tungempigia kura sote wawili. Jaji hana raha hiyo. Lazima mmoja aende nyumbani amenuna. Nikawaza kimoyomoyo kwamba katika kesi yetu wa kununa ndiye angebaki.

Alituuliza swali moja tu: ukibaki, utapoteza nini?

Ukasema, "Sitamwona tena."

Mimi nikasema, "Nitaongea naye kwa simu, sir. Mama amenizoea kwa simu."

Akaniuliza tena, "Una uhakika?"

"Yes, sir."

Akaamua uende. Akatupa mkono sote wawili, sawasawa, akaingia kwenye teksi yake.

Ulikaa na mama siku nne. Mimi nilimpata mara moja, ulipomwekea simu sikioni. Nilimsikia akipumua tu, kisha salio lako likaisha. Baada ya mazishi hukurudi tena huku, na sikukulaumu.

Sasa unasema mzee yule alipima vibaya, kwamba mtu aliyezoea kutafuta kura hawezi kuwa jaji wa haki. Mwache, kaka. Jaji huhukumu kwa ushahidi anaoletewa, na wangu ulikuwa wa uongo. Nilikusikia ukisema hutamwona tena, nikajua wewe hutaweza kubaki. Nikadhani mimi ningeweza.

Sijaweza mpaka leo. Nimeona afadhali ulisikie hili kwangu kuliko uendelee kumsema mtu aliyeuliza mara mbili.

Wasalimie watoto na shemeji. Ukienda kupalilia kaburi, palilia na upande wangu.

Mdogo wako,
bado niko mlangoni.